Nyasi Zilizong'olewa kwa Wema

Jambo hili limenigharimu mbuzi wawili na masinia matatu ya wali. Nimehesabu mara mbili. Mbuzi niliwauza ninunue mbegu za fiwi, jamaa ya kunde, nizipande katikati ya nyasi za malisho yangu hapa Siyu. Niliambiwa mizizi yake hurutubisha ardhi, na mfuko wa mbolea nitauacha dukani. Zikashika vizuri. Nami nina ng'ombe mmoja tu, ana mimba.

Nilikwenda Lamu siku mbili. Kurudi, nawakuta majirani wanane shambani, majembe mkononi.

“Bwana, fiwi zako zilikuwa zinamezwa na nyasi,” mmoja akaniambia. “Tumekupalilia. Nti yako, ardhi yote hii, sasa safi! Hatutaki ujira, Bi atupikie tu.”

Nyasi zote zilikuwa zimelala ukingoni, mizizi juu.

Nikawashukuru. Ningefanyaje? Wakala, wakaongezwa.

Sasa ng'ombe ananikodolea macho, na fiwi tupu naogopa kumpa, tumbo lisije likamfura. Mvua zinakaribia kwisha. Mwenye kujua anishauri: nipande nyasi upya, au nimuuze angali mzima?