Chungu cha Mahari

Mvua ya kwanza inapolowesha udongo, namkumbuka kukhu, nyanya yangu, akifinyanga vyungu nyuma ya nyumba yetu Shianda. Mama mmoja mchuuzi alivinunua, kisha akawaambia wateja amevifinyanga mwenyewe. Siku moja kukhu alimsikia, akamtaka aseme ukweli. Yule akacheka mbele ya soko zima.

“Nani anaweza nunua kitu imetoka kwa mikono kama hii yako?”

Kukhu alirudi kwenye udongo wake. Mchuuzi alipoagiza chungu kikubwa cha pombe ya busaa kwa sherehe ya mahari ya bintiye, kukhu alikifinyanga kwa ustadi wake wote, akakifukiza moshi mpaka kikawa cheusi kama kilichochomwa.

“Kukhu, hukichomi?” nikamuuliza.

“Nyamaza. Si yeye husemanga ni mfinyanzi? Atajua mwenyewe.”

Siku ya sherehe tulikaa nyuma. Busaa na maji moto vilipomiminwa, chungu kililegea, kikabomoka, matope yakajaa kwenye viatu vya wakwe.

“Mama, si ulisema umetengeneza wewe?” mkwe mmoja akauliza.

Mchuuzi alimgeukia kukhu. Kukhu aliendelea kula kuku polepole, akanipa paja. Sijawahi kula nyama tamu kama ile.