Benchi Lililotangulia Beni

Onésime Kahongya alikuwa seremala. Kakao alifundishwa na mkewe, Agar. Shamba lao la kijijini Mabalako lilitoka upande wa Agar, na kwa miaka mingi waliishi hivyo, asubuhi kwenye kakao pamoja, alasiri yeye na randa yake chini ya paa la nyuma. Vita vilipofika kijijini waliondoka na nguo za mwilini na begi la vyombo vya kazi. Binti yao wa pekee, Bénie, alikuwa ameshaolewa Lubero. Wao wawili wakapanda hadi Butembo, wakapanga chumba kwenye mteremko ambako ukungu hukaa mpaka jua linapokuwa juu.

Kahongya alipata kazi kwenye karakana ya vitanda na milango. Agar alibaki nyumbani, na nyumbani hapakuwa na pa kushika jembe. Mwenye kiwanja aliwakataza kuchimba hata shimo la kitunguu, kwa sababu mvua ingeuteremsha udongo hadi kwenye nyumba ya chini. Agar hakulalamika. Lakini Kahongya alikuwa akimwona akirudi sokoni: anasimama kwenye ua wa jirani, anachukua jani moja katikati ya vidole, analisugua polepole, kisha anaendelea na njia yake. Kuhusu kwao hakusema neno. Mtu akitaja Mabalako, aliinuka kwenda kuangalia chungu.

Ndipo Kahongya alipopata wazo la benchi lenye masanduku ya kupandia, moja kila ncha, udongo ukae ndani ya mbao na usiguse ardhi ya mtu. Alikwenda kwanza kumwomba ruhusa mwenye kiwanja. Yule bwana akacheka, akasema udongo ulio ndani ya sanduku si wake.

Butembo mikaratusi ni tele, ila ukiiweka kwenye maji hupasuka na kuoza. Kahongya alitaka libuyu, mti mwekundu mzito. Na libuyu alikuwa nayo: mbao alizozipasua mwenyewe na kuziacha zikauke darini kule Mabalako, za milango ya nyumba mpya waliyokuwa wakiijenga. Akampigia simu Issaka, msafirishaji wa Bungulu mjini Beni, ambaye zamani alibeba kakao yao na bado alifika kule njia ikitulia. Baada ya muda Issaka akapiga kumwambia kwamba nyumba ya zamani imesimama lakini haina milango tena, na watu waliopita wamepikia mbao nyingi. Zimebaki chache. Kahongya akamwomba alete hizo chache.

Mzigo ulipofika, alizipanga mbao uani. Agar akatoka, akaweka kiganja juu ya ubao wa kwanza, akakaa nacho hapo, halafu akaingia ndani.

Mbao hazikutosha kwa benchi alilolichora kichwani. Lilitoka fupi, la watu wawili waliobanana. Masanduku yalisimama huku na huku, kuta zake zikawa mahali pa kuegemeza mkono. Alitoboa sakafu zake ili maji yatoke, akatandika ndani shitingi ya plastiki yenye matundu, na badala ya misumari itakayoshika kutu akaunga kwa vigingi vya mti. Alidhani mkewe atapanda vitunguu na mboga za lengalenga. Agar alivipanda kweli, katika sanduku la kushoto. Kwa lile la kulia alimpigia simu Asma, mke wa Issaka, akamwomba tunda la kakao lililoiva.

Kahongya alijua kwamba kakao haiwezi baridi ya Butembo, na alijua kwamba Agar anajua zaidi yake. Mbegu ziliota. Majani ya kwanza yakaning'inia mekundu, laini kama ngozi ya mtoto mchanga, na kila alasiri akirudi kazini alimkuta Agar ameketi kando ya miche. Naye aliketi. Walikaa bega kwa bega, na kwa Kahongya hiyo ilitosha.

Kisha baridi ikakaza. Agar alifunika miche kwa kitenge chake kila jioni, lakini majani yakaingia madoa, yakaanguka. Ukabaki mche mmoja.

"Baba Bénie, ulijua?" akamwuliza.

"Nilijua."

"Na mimi nilijua. Lakini nilitaka nione majani yake tu."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alizungumza juu ya kwao: harufu ya kakao iliyofunikwa kwa majani ya ndizi, kijito kilichokuwa kikiwalowesha miguu, milango ambayo haikutengenezwa. Aliongea mpaka moto wa kupikia ukazimika. Mwishoni akasema mche upelekwe Beni kwa Asma, kule kuna joto. Kahongya akajitolea kuung'oa na kuufunga kwenye mfuko. Agar akakataa. Mizizi ilikuwa imeshashika, ungekufa njiani. Uende na benchi lake.

Jambo hilo lilimchoma Kahongya, maana benchi alilitengeneza ili Agar akae nalo. Hata hivyo alilibeba yeye mwenyewe na kulifunga kamba juu ya gari la Issaka. Asma akawa anawatumia picha. Mche ulikuwa umechipuka upya, na Agar akazitazama picha hizo akiwa amesimama, kwa kuwa mahali pa kukaa uani hapakuwapo tena.

"Sasa kuko kitu yetu yenye imekaribia nyumbani," akasema.

Kahongya alinunua mikaratusi ya benchi jingine. Mbao zikakaa ukutani, hakuzikata.

Mvua zilipopungua walishuka Beni. Mche ulikuwa umezidi ukubwa wa sanduku, na Asma akawapa pembe ya ua wake wauhamishie. Waliketi kwanza kwenye benchi lao, wageni wa benchi lao wenyewe. Agar aliuelekeza uso upande wa Mangina, njia ya kwenda Mabalako. Issaka aliketi kwenye kiti mbele yao, na alipoulizwa habari za njia alijibu kwa upole kwamba juma hilo hilo watu wengine wamekimbia kutoka kule. Agar akainuka, akapiga magoti, akachimba shimo kwa mikono yake, akakataa jembe alilopewa na Asma.

Kwenye gari la kurudi Butembo, kana kwamba si yeye aliyemfundisha, alimwuliza mumewe kakao itazaa baada ya miaka mingapi.

"Mitatu, minne, kama wanaiangalia muzuri."

Agar akageukia dirishani, akairudia hesabu hiyo, midomo ikicheza bila sauti.