Kihenge Chenye Kutu

Siku ya kwanza kazini nilifika mapema mno, geti bado limefungwa, nikasimama nje nikiogopa kuwa nimechelewa. Ndivyo nilivyokuwa. Sikuwahi kukaa darasani. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwa maandishi ya magunia na makopo, nikaamini kuwa kosa moja tu litanirudisha kuchunga ng'ombe wa baba mdogo.

Kazi ilikuwa katika kituo cha mbegu, Mpwapwa. Nyapara wetu, Mrangi wa Kondoa mwenye kofia nyeupe na ulimi mkali, alinitazama miguu hadi kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeletwa kupigana na panya?"

"Ndiyo, mzee."

"Panya hawa waliwaona Wajerumani wakija na wakiondoka. Hata Mwingereza watamsindikiza. Haya, shika panga."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kihenge, kwa asiyekijua, ni kapu kubwa la fito, limekandikwa udongo na samadi, likaezekwa nyasi na kuinuliwa juu ya miguu minne ya mti. Panya hupanda kwa miguu hiyo. Kwa hiyo tulikata debe la mafuta ya taa, tukalikunja mfano wa bakuli lililopinduliwa, tukalivika kila mguu. Tuliliita kofia. Kofia ikikaa chini mno, panya buku, yule mkubwa kama paka mdogo, huiruka. Hata ikikaa juu, tawi la mti jirani likiachwa karibu, hupitia hewani. Bustani nazo tulizizungushia miiba, na chini ya miiba tukafukia mawe, kwa sababu nungunungu hasumbuki na ua, yeye huchimba.

Niliipenda kazi hiyo kwa namna isiyo nzuri. Nilikuwa nikimaliza kufunga kofia, naondoka, kisha narudi kuigusa. Nikila, nawaza kofia. Nyapara akasema, "Kijana, wewe utaoa debe."

Bwana Shamba, Mwingereza aliyesema Kiswahili sanifu na kavu, alipofungua kituo kipya upande wa Zuzu alituhamishia huko mimi na nyapara. Ulikuwa wakati wa vita vya Hitla. Mwaka huo mavuno yalikuwa mabaya, na amri ikatoka kupitia kwa majumbe: kila kaya ilete mbegu zake za mtama kituoni, zilindwe na panya hadi mvua, kisha kila mtu arudishiwe zake.

Nilitumwa kuwashawishi watu, maana mimi ni Mgogo kama wao. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Nyemo, mjane aliyeishi karibu na kituo. Mbegu zake alizitundika juu ya meko, masuke yakiwa meusi kwa moshi. Ulikuwa mtama mfupi, wa kukomaa upesi kabla mvua haijakatika. Watu wengi wa hapo walikuwa wamepata mbegu kwake.

"Mbukwa, paka wa serikali," alinisalimu. "Umekuja kunusa nini?"

Nikamweleza. Akacheka.

"Mbegu yangu hulala juu ya kichwa changu. Ikalale kwenu kwa nini?"

"Mama, kwangu panya haingii."

"Panya namjua. Hula, huficha, huacha. Hao mabwana zako, umewahi kuwaona wakiacha?"

Nikamtajia amri ya jumbe. Akayashusha masuke yake mwenyewe, moja moja.

Tulijaza vihenge. Madebe mapya hayakupatikana. Mhindi wa duka la mafuta alisema vita vimeyala yote. Kihenge cha mwisho, kilichokuwa karibu na ua, nikakivika madebe ya zamani. Baada ya muda kofia moja ikaliwa na kutu, panya buku akapita. Bwana Shamba ndiye aliyeona kinyesi chake.

"Hiki nini?"

"Kutu, Bwana."

"Sikuuliza habari za kutu. Nauliza habari zako."

Wafanyakazi wote walisikia. Nilitamani ardhi inimeze. Sikula siku hiyo, nikatafuta kipande cha bati kila mahali, mwisho nikang'oa la mlango wa nyumba niliyokaa, nikaziba. Tangu hapo hakuingia hata mmoja. Nilijiona mtu.

Kisha malori yakaja. Nafaka ilitakiwa kulisha vibarua wa serikali. Nyapara, ambaye sikuwahi kumwona akimpinga mzungu, alivua kofia yake.

"Bwana, hizi ni mbegu. Za watu."

"Ni nafaka. Mbegu nyingine zitaletwa kabla ya mvua."

Vihenge vikafagiliwa hadi sakafu. Bwana Shamba akaja kwangu, akanipa mkono mbele ya watu. "Kazi safi. Ungewaachia panya, leo tungekuwa na hasara." Katika miaka yote ya utumishi wangu, hiyo ndiyo sifa pekee niliyopewa.

Mawingu yalianza kujikusanya na mbegu hazijaja. Asubuhi moja wanawake waliingia kituoni na majembe, Mama Nyemo mbele. Nilidhani wamekuja kunipiga, na kusema kweli nilitulia, kwa kuwa nilijua sababu. Lakini walinipita. Walikuwa wakitazama chini. Walikuwa wakitafuta mashimo ya panya.

Wakachimba chini ya kihenge cha kwanza: shimo kuukuu, utando wa buibui. Chini ya kinachofuata: vumbi. Vihenge vyangu vilivyokamilika, vile nilivyovigusa kila asubuhi, havikuwa na punje ardhini. Wakafika kwenye kile cha karibu na ua. Jembe likazama. Ndani ya ghala la panya buku mtama ulikuwa umelala mkavu, kana kwamba umewekwa na mtu.

Waligawana kwa viganja. Haukutosha. Kaya nyingi hazikupata kitu. Mbegu za serikali zilikuja mvua ikiwa imeshaanza kwisha, za mtama mrefu wa kuchelewa. Jua liliukausha kabla haujatoa suke. Watu walihama na watoto wao, wengine hawakurudi. Mtama mfupi ulibaki kwenye vijishamba vichache tu.

Siku ile ya majembe Mama Nyemo alisimama mbele yangu, kiganja kimefumbwa.

"Hiki kihenge, mbona kilikuwa tofauti?"

"Kilikuwa na kutu, mama."

Akavitazama vile vingine, kofia zake zikimeremeta juani.

"Laiti vyote vingekuwa na kutu," akasema, akaenda zake.

Baadaye nilipelekwa Bahi kulinda mpunga, nikarudishwa Mpwapwa, nikastaafu kabla Waingereza hawajashusha bendera yao. Nyapara hakuishi kuona panya wakimsindikiza Mwingereza, kama alivyosema.

Siku hizi vijana huja kwangu kujifunza kukunja kofia, nami huwafundisha kwa ukali. Kofia mbaya bado huninyima usingizi. Nyumbani nina kihenge kimoja cha mtama mfupi. Miguu mitatu nimeivika bati.

"Babu," huniambia, "huu wa nne umeusahau."

"Sijausahau."