Jina la Albano Chooni

Albano ni mchonga vinyago wa Madale, Mmakonde wa Newala, mbishi kuliko mpingo anaouchonga. Chini ya kila kinyago huchora jina lake kwa patasi ndogo, taratibu, maana kwake jina si kitu cha kutupwa ovyo. Sasa hebu fikiria alivyojisikia siku alipoliona chooni.

Binti yake Marietha, mtoto pekee aliyebaki tangu kaka yake Fransis afariki, ameolewa Uholanzi. Kila Jumapili alikuwa akipiga simu ya video na kumsimulia mzee sikukuu za huko. Desemba watoto wanaweka karoti kwenye kiatu, eti ya farasi wa mtakatifu. Siku ya mfalme watu wanavaa rangi ya chungwa na kuuza vikorokoro vyao barabarani. Siku ya kuzaliwa ya mtu, hata ndugu zake wote wanapewa hongera. Albano alicheka mpaka akakohoa.

Jumapili moja Marietha akawa anamwonyesha nyumba. Mlango wa choo ulikuwa wazi, na ukutani palining'inia kalenda iliyoandikwa kwa kalamu nene: Juni 14, Baba Albano. Marietha akaufunga mlango harakaharaka, lakini mzee alishaona. Akakata simu, na kwa miezi mitatu hakuipokea tena.

“Kanibandika msalani,” alimwambia mkewe Rosalia, “kama namba ya mganga.”

Rosalia alibembeleza weee, akachoka. Albano mwenyewe alikuwa akiumia. Jumapili zilikuwa ndefu na sauti ya binti yake aliitamani, ila kuanza yeye kupiga, hapana.

Aliyeyamaliza ni Khairiya, mwenye duka la jirani, aliyewahi kuishi huko miaka saba. Rosalia alipomsimulia, alicheka kwanza.

“Mzee Albano, Waholanzi kalenda ya siku za kuzaliwa wanaitundikaga chooni. Si kila mtu lazima aingie? Sasa nani atasahau? Haiandikwi hata mwaka, mie yangu niliitumia miaka yote saba. Hapo hujatukanwa.”

Jioni ile ile Albano akapiga.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Hebu nipeleke huko chooni kwako.”

Marietha akaenda. Mzee akamwambia afunue kurasa tangu mwanzo, ili yeye awaone wenzake walioandikwa humo. Januari alikuwamo shangazi wa mume. Februari, Rosalia. Machi 9, kwa mwandiko ule ule, Fransis.

Nyumbani Madale jina hilo lilikuwa halijatajwa kwa miaka minne.

“Huyu hukumfuta?”

“Sikumfuta, baba. Siku yake ikifika mume wangu ananipa hongera, na mie naipokea.”

Machozi yalimtoka Albano, wala hakuyaficha. Marietha akashika kitasa atoke.

“Usifunge mlango kwanza,” akasema mzee.