Maman alipoacha mwiko

Wakati wa vita, wakimbizi walipojaa uwanja wa parokia yetu Bukavu, nami nilikuwa nimerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Kamituga mikono mitupu, nikajitolea kuchota maji ya jikoni. Mpishi wa parokia, ambaye sote tulimwita maman, alikuwa jikoni tangu alfajiri, siku ya nne mfululizo. Mama mmoja mkimbizi akaomba maharage kwa mara ya pili.

"Wewe, tumbo yako haina mwisho?" maman akafoka.

Yule mama akarudi nyuma na sahani tupu. Maman akanipa mwiko, akaingia kanisani. Nikakasirika: foleni ndefu vile, naye anakwenda kukaa! Nikamfuata mlangoni.

"Maman, maharagi iko inaungua!"

"Ongeza maji, papa. Umezunguka Kamituga yote, na mwiko inakushinda?"

Nikarudi kukoroga. Alipotoka alijaza sahani, akaipita foleni nzima, akampelekea yule mama.

"Unisamehe, dada. Kula."

Baadaye nilimuuliza alimwambia Mungu nini mle ndani.

"Sikumuambia kitu," akasema. "Nilikaa tu karibu yake mpaka hasira ikapoa."