Doreen Vasko na Nyimbo Zisizosikilizwa

Saa tisa alasiri, Jumapili, Doreen Vasko anapunguza taa za ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu mjini Lorain, Ohio. Chini ya kibanda chake cha vioo, wake kwa waume wanatafutana mikono. Sindano inaigusa santuri, na piano inayojulikana na kila mtu hapa inaanza kulia taratibu.

Ni "Koti Lako Mlangoni", wimbo wa kundi la Tallow Creek uliopamba harusi nyingi za mji huu. Desturi ya ukumbi ni moja: taa zikififia watu hushikana mikono, na mkono hauachiliwi mpaka taa ziwake.

Kwa miaka thelathini kazi ya Doreen imekuwa kuinua sindano wimbo huo unapokwisha, kisha kuwasha taa. Kabla ya kuiweka santuri leo, ameiinamisha kwenye mwanga. Mifuo ya wimbo huo, ile mistari inamopita sindano, imepauka kama majivu. Ya nyimbo tatu zinazoufuata kwenye upande huo wa pili ingali inang'aa kama wanja.

"Wamechukua ubeti wakaacha shairi," anasema. "Mimi husikiliza zote nyumbani, nikikunja nguo."

Leo ameomba ruhusa ya kuziacha zipite. Gus Petrakis, mwenye ukumbi, amekubali kwa sharti.

"Sakafu ikibaki tupu, Doreen, Jumapili ijayo naleta mashine ijichagulie nyimbo. Santuri zako zote zishuke ghalani."

"Na mimi je?"

"Utakodisha viatu."

Piano inanyamaza. Mkono wa Doreen uliozoea sindano unaijia, unasita, unarudi mapajani. Taa hazijawaka. Linaingia gitaa zito, lenye mwendo wa mtu anayerudi nyumbani bila haraka.

Watu wanainua nyuso. Vijana wawili wanacheka na kutoka. Wengine wanazunguka, kwa kuwa mikono ingali imeshikana na hakuna aliyewapa idhini ya kuiachia.

"We Doreen! Umelala huko juu?" anapaza sauti Earl Dubicki, mstaafu wa kiwanda cha chuma. "Washa taa! Huyu mama amenishika mkono muda mrefu kuliko siku ya harusi!"

"Nyamaza uteleze, mzee," anamjibu mkewe, Maxine. "Unanikanyagia mdundo."

Wimbo wa pili unapita kwa sauti tatu zilizosukwa kama ukili, na magurudumu yanaufuata kwa mnong'ono mmoja. Katika kiza kile chepesi, sakafu inaonekana kama maji yanayozunguka yenyewe.

Wa mwisho anaimba mpiga ngoma, kwa sauti isiyo nzuri lakini isiyodanganya. Yule ambaye katika wimbo wa piano aliombwa aache koti lake mlangoni, hakurudi kulichukua. Limening'inia msimu baada ya msimu, na mwenye nyumba amelizoea kama mgeni.

Maxine anapunguza mwendo.

"Earl, kumbe hakurudi. Na sisi tuliufanya wimbo wa harusi!"

"Mimi je? Si nimerudi kila siku?"

"Hata siku ile niliyokufukuza?"

"Siku ile nilirudi mara mbili."

Maxine anacheka, kisha anamwegemea begani, na wanazunguka hivyo mpaka sindano inapofika katikati ya santuri na kukwaruza kimya. Ndipo Doreen anapowasha taa. Sakafu bado ina watu, na wengi wao bado hawajaachiana mikono.

Gus anapanda ngazi za kibanda akijifuta kipara kwa leso. Hataji mashine. Anaitazama santuri, anaitazama sakafu.

"Na upande wa kwanza," anauliza, "una nini?"

Doreen anaigeuza santuri kwa viganja, asiiguse mifuo. Anatumaini kuupiga wote Jumapili ijayo, toka mwanzo, taa zikiwa zimefifia.

"Keti, Gus," anasema. "Miaka thelathini nangoja mtu aniulize."