Miguu ya Tarishi wa Boma

Tarishi wa boma la Mdachi alikuwa na miguu miwili isiyojuana. Pedeli ya kushoto ya baiskeli yake ilikatikia kwenye njia ya Kilimatinde, naye kwa miaka miwili akapeleka barua kwa kukanyaga na mguu wa kulia tu, wa kushoto ukining'inia kama mgeni asiyepewa jembe. Shavu la mguu wa kulia likavimba kama boga, la kushoto likabaki jembamba kama mwiko. Kila asubuhi aliuzungushia mwembamba kitambaa cha askari mara saba, mnene mara moja, ndipo atoke mbele za watu.

Mama Tereza aliyaona hayo akanyamaza, maana binti yake Tereza alishampenda tarishi. Lakini siku ya posa mumewe, mzee Matonya, ambaye hapokei hata ndama bila kumpapasa, akasema, "Vua vitambaa." Akapapasa kulia, akapapasa kushoto. "Mbukwa," akausalimu ule mwembamba, "na wewe wa nani?"

"Wangu, baba."

"Dume la hivi huzunguka tu, halifiki malishoni. Haya, katiza zizi moja kwa moja. Ukipinda, binti humpati."

Tarishi akaenda, jasho likimtiririka. Akapinda. Akapinda kushoto, akakanyaga mavi, akamruka beberu, hata akajikuta mlangoni kwa Tereza, akang'ang'ania mwimo kwa mikono miwili.

"Amepinda!" mzee akapiga kelele.

"Amepinda, lakini amefika," akasema Mama Tereza. "Wewe ulipokuja kuniposa na miguu yako iliyo sawa, uliingia kwa jirani."